Kuandika Wosia si Uchuro

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka wa Mwanjelwa huyakumbuka maneno haya kila jioni afungapo hesabu. Lakini mfanyakazi, ambaye mali yake ni jasho lake, aghalabu huyasahau. Atafanya kazi miaka thelathini, atajenga nyumba, atapanda miti na kusomesha watoto. Kisha atazeeka asijue ana nini katika mfuko wa pensheni, na atafariki asiseme nani apewe nini. Juu ya jambo hili twataka leo kusema na ndugu zetu wa Mbeya na Iringa bila kuficha.

Kabla ya Uhuru, vijana wengi wa Rungwe waliandikwa na WENELA kwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini. Mshahara wa machimboni ulinunua ng'ombe na mabati. Mtu alipochoka, alirudi kulelewa na watoto wake na ndugu zake. Ukoo ndio uliokuwa pensheni yake. Mwaka 1964 nchi yetu iliweka sheria ya mfuko wa akiba wa taifa, NPF, ambao mwaka 1997 uligeuzwa kuwa NSSF. Watumishi wa umma nao, tangu mwaka 2018, wamo katika PSSSF. Basi leo mfanyakazi wa kiwanda, wa shamba la chai la Mufindi au wa reli ya TAZARA ana haki ambayo babu yake hakuwa nayo.

Lakini haki isiyoangaliwa huota kutu. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri hana ruhusa ya kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake. Je, fedha hizo zimefika? Asiyeuliza leo ataambiwa siku ya kustaafu kwamba miaka kadhaa haionekani katika vitabu. Tena pensheni ya kila mwezi hudai michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Mchuma chai afanyaye kazi kwa misimu na ahesabu miezi yake, wala asihesabu miaka. Aliyepungukiwa hulipwa mkupuo mmoja, na habari yake imekwisha.

Mkupuo nao una mitihani yake. Mwaka 2022 kikokotoo kiliuweka katika asilimia 33 ya mafao. Mwaka 2024, baada ya malalamiko mengi ya wafanyakazi, Serikali ilitangaza kuupandisha hadi asilimia 40 kwa kundi moja na 35 kwa jingine. Wafanyakazi walikuwa na haki ya kulipigania jambo hili. Hata hivyo, mkupuo uwe mkubwa au mdogo, mtu anayengoja kufika miaka 60 ndipo aanze kujenga amechelewa. Ndugu zetu wa Mufindi wamelielewa hili kwa njia yao: hupanda misindano na milingoti. Msindano huhitaji miaka 15 au zaidi kabla ya kupasuliwa mbao. Apandaye akiwa na miaka 45 atavuna akiwa na 60.

Hapo ndipo tufikapo penye kiini cha maneno yetu. Miti hiyo imesimama juu ya ardhi ya nani, na mwenyewe akifa itakuwa ya nani?

Wachunguzi waliokaa na Wanyakyusa katika miaka ya 1930 waliandika kwamba mali ya marehemu ilikwenda kwanza kwa ndugu yake, kabla ya mwanawe. Kwa ng'ombe, na katika ukoo uliokula pamoja, huenda utaratibu huo haukumtupa mtu. Lakini leo mali ni mibuni, nyumba ya matofali na shamba la miti, na aliyeipalilia ni mke. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema wazi kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi zaidi ya wanaume. Hata hivyo kanuni za mila zilizoandikwa na Serikali mwaka 1963, kwa makabila yafuatayo ukoo wa baba, zilisema kwamba mjane hana sehemu katika urithi ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake; atatunzwa na watoto wake. Wajane wawili wa Shinyanga walizipinga mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba zina ubaguzi, ila haikuzifuta.

Basi anyamazaye asidhani kwamba hakuusia. Kunyamaza nako ni wosia, ila umeandikwa na watu wengine, na mke aliyepanda miti asijue hata kama atalala nyumbani mwake baada ya arobaini.

Dawa ipo, nayo si ghali. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imebatilisha mila imnyimayo mwanamke haki ya ardhi, na hati ya hakimiliki ya kimila yaweza kubeba majina ya mume na mke. Mbozi, ilipokuwa bado katika Mkoa wa Mbeya, ilikuwa mstari wa mbele kuzitoa hati hizo. Kwa wosia wa maandishi, kanuni zile zile za mila zamtaka ajuaye kusoma mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Asiyejua kusoma, wanne. Na mke aliyeko nyumbani awe shahidi pia. Waislamu wanazo kanuni zao, ambamo wosia hauzidi theluthi moja ya mali. Ukiisha kuandikwa, wosia waweza kuhifadhiwa RITA.

Twajua neno lisemwalo vijijini: aandikaye wosia amejiita kifo. La hasha! Kifo hakingoji barua ya mwaliko. Uchuro ni kuwaachia watoto ugomvi, na kumwachia mjane safari za mahakama ya mwanzo akidai kile alichokilima kwa mikono yake.

Kwa hiyo twaviomba vyama vya wafanyakazi na matawi ya Chama katika mikoa hii viufanye mwezi mmoja kila mwaka kuwa wa daftari: kila mwanachama aulize michango yake, atazame majina ya wategemezi wake, aombe hati ya shamba lake, na aketi na mkewe waandike. Tulidai pensheni kwa umoja. Haitupasi kuipoteza kwa ukimya wa mtu mmoja mmoja.