Riziki ya Bahari na Ada za Pangani

Mji wa Pangani umekaa ukingoni mwa mto wenye jina hilo hilo, upande wa kaskazini, mahali ambapo maji matamu yaliyoteremka kutoka Kilimanjaro na Meru hukutana na chumvi ya Bahari ya Hindi. Na ng'ambo, mwendo mfupi wa kivuko, ndiko Bweni. Mpita njia azionapo nyumba za mawe zilizobanduka chokaa hudhani ni mji uliolala, kumbe ulikuwa bandari ya misafara ya pembe za ndovu, ukazungukwa na mashamba ya miwa, na ndipo Abushiri bin Salim, aliyewaongoza watu wa pwani kupigana na Wajerumani tangu mwaka 1888, aliponyongwa mwezi wa Desemba 1889. Pembe zilikwisha, miwa ikapisha mkonge, mkonge nao ukashuka thamani, na minazi ikabaki. Kilichodumu kupita biashara zote hizo ni ada za watu kukaa pamoja, na ada hizo, kwa itikadi yangu, zina asili moja kubwa, nayo ni kwamba bahari hugawa riziki pasipo mizani.

Mwezi unapoandama, na tena unapopevuka, huja bamvua: maji hujaa kupita kiasi, kisha, kadiri ya saa nne za asubuhi, hutoka mbali yakaacha miamba wazi, na wanawake, wamejifunga vibwebwe, hushuka na michokoo yao kuwatafuta pweza matunduni. Baada ya juma moja huwa maji mafu, yasiyojaa wala kutoka kwa kadiri ya haja, na nyumba iliyokula pweza juma lililopita hupika mchicha. Juu ya hayo kuna pepo, maana kusi ikivuma kwa nguvu, ngalawa na madau hufungwa siku baada ya siku, na mvuvi hodari, mwenye afya na nyavu nzima, hukaa barazani mikono mitupu bila ya kosa lolote lake.

Kwa hiyo mji umejiwekea mizani yake wenyewe. Chombo kirudipo na samaki, samaki hao si mali ya waliokwenda nacho peke yao. Samaki hugawanywa mafungu, la chombo, la nyavu na ya mabaharia, lakini kabla dalali hajafungua kinywa kunadi, kila aliyesaidia kukipandisha chombo mchangani hupewa kitoweo. Nimemwona pwani mzee mmoja, nguvu zimemwisha, akiweka kiganja chake ubavuni mwa dau huku vijana wakivuta na kuitikiana. Uzito wa dau haukupungua hata kwa ratili moja, naye alipewa changu wawili waliotungwa kwa ukuti, akaenda zake taratibu. Hapana aliyeuliza amefanya kazi gani. Lau angalipewa samaki wale nyumbani kwake, wangalikuwa sadaka. Alipewa pwani, mkono ukiwa juu ya chombo, wakawa haki yake. Sijaona sheria ya mji wowote iliyohifadhi staha ya mtu mzima kwa uangalifu kama huo.

Mwezi wa Ramadhani desturi hii hudhihiri zaidi, kwa kuwa baada ya Alasiri vichochoro hujaa watoto waliobeba sahani zilizofunikwa kawa, wakipiga hodi mlango kwa mlango: "Shikamoo bibi, mama amenituma nikuletee." Naye bibi huitika marahaba, huinua kawa, huomba dua, kisha sahani hurudi na kitu, ijapokuwa tende tatu, kwa sababu kuirudisha tupu ni aibu kwa aliyepokea na ni kumkosesha mtoto furaha ya njiani.

Msibani mzigo huwa mkubwa zaidi, na mikono nayo huzidi. Nyumba ya wafiwa haiwashi moto siku za matanga. Majirani ndio hupika na kuteka maji, huku wanaume wakishika jamvi nje na wanawake wakimzunguka mfiwa ndani. Kila ajaye hutoa ubani kwa kadiri ya uwezo wake, na mtu mwenye hati nzuri huandika majina na viwango katika daftari. Wako waonao vibaya kuandika, wakidai kwamba wema ukihesabiwa huharibika. Mimi nalitetea daftari lile. Mjane anayekaa eda, miezi minne na siku kumi, hupaswa kujua nani alimjia, ili naye siku ya siku asikose kwenda. Na katika mji ambao leo huyu amepata na kesho yule amekosa, kumbukumbu ni sehemu ya haki.

Maisha haya yana uchungu wake. Mji mdogo huona kila kitu: kijana akibadili njia ya kurudi nyumbani, barazani wameshajua kabla kahawa haijapoa, na msichana hupimwa kwa macho ya mitaa yote. Nawasikitikia waliolemewa na macho hayo wakaondoka, wala siwalaumu, maana wengine waliumizwa kweli. Hata hivyo macho yaleyale ndiyo huona kwamba mlango wa mgonjwa haujafunguliwa tangu asubuhi, nami sijui namna ya kuyafumba kwa jambo moja yakabaki wazi kwa jambo jingine.

Wengi wa hao walioondoka wamo Tanga na Dar es Salaam, wakifanya kazi zisizojua bamvua wala maji mafu. Habari ya msiba huwafikia kwa simu, na kwa simu hiyo hiyo hutuma ubani wao. Mwenye daftari huulizwa ikiwa fedha imefika, naye huliandika jina la kijana chini ya mtaa wa baba yake, mtaa ambao pengine hajaukanyaga kwa miaka mingi.