Uvira: Umeme ukikatika Windows ikihamishwa, kazi yako inabaki wapi?

UVIRA – Mwanafunzi anayeandika TFC kwenye laptopu ya mtumba anaijua adha hii: anawasha mashine, anakwenda kuchota maji, anarudi na Windows bado haijafunguka. Mara nyingi kinachochelewesha ni diski ya zamani, yenye sahani zinazozunguka, kwa kawaida mara 5,400 kwa dakika, huku kichwa kidogo kikitafuta data. Diski hiyo haipendi mtikisiko. Laptopu isiyozimwa, ikibebwa kwa pikipiki kutoka Kamanyola hadi Uvira, inaweza kufika na diski iliyojeruhiwa.

SSD haina kitu kinachozunguka. Ukiiweka, hata mashine ya miaka kumi huwaka kwa sekunde badala ya dakika. Na si lazima kupakua kila kitu upya kwa megabaiti za kununua: mfumo endeshi, programu na mafaili vinanakiliwa pamoja, SSD ikiwa imeunganishwa kwa waya wa USB.

Hofu ya wengi ni umeme. SNEL ikikata katikati ya kazi, itakuwaje? Jibu linatuliza: wakati wa kunakili, diski ya zamani inasomwa tu, haiandikwi. Nakala ikikatika, unaanza upya. Hata hivyo, jaza betri kwanza.

Hatari yenyewe iko kwenye mwelekeo. Programu huuliza ipi ni diski ya kutoka na ipi ni ya kwenda. Ukizigeuza, SSD tupu inaandikwa juu ya diski yenye kazi ya miaka mitatu, na hapo hata fundi hodari anaweza kushindwa. Soma jina na ukubwa wa kila diski mara mbili kabla ya kukubali. Bora zaidi, TFC na picha za familia ziwe zimeshawekwa kwenye flashi.

Ukubwa nao una mtego. Clonezilla, programu ya bure, kwa kawaida haikubali kuhamisha diski ya GB 500 kwenda SSD ya GB 240, hata kama mafaili yako ni GB 100 tu. Sehemu za diski lazima zipunguzwe kwanza. Na ikiwa diski inagongagonga, usianze na Windows. Okoa mafaili kwanza.

Kabla ya kununua, mwombe fundi afungue mashine: zipo zinazotumia SSD ya inchi 2.5, na nyingine kile kipande chembamba cha M.2. SSD ya ukubwa wa ajabu kwa bei ya kutupa huenda ni bandia.

Jambo moja SSD haiwezi: Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Kwa hizo, Linux ni njia ya bure.

Kazi ikiisha, toa diski ya zamani, washa laptopu kwa SSD pekee, fungua mafaili kadhaa. Ile ya zamani iweke kabatini wiki chache bila kuifuta.