Kinga ya HIV Kisii na Nyamira: Somo la mhudumu wa afya lisilo na kuhitimu

MUUGUZI aliyefunzwa mwaka wa 2003 jinsi ya kumkinga mtoto asiambukizwe virusi vya Ukimwi na mamake, na ambaye hajarejea darasani tangu wakati huo, anaweza leo kutoa ushauri utakaomdhuru mtoto huyo. Hakufunzwa vibaya. Elimu aliyopewa ilikuwa ndiyo bora zaidi kwa wakati wake. Tatizo ni kwamba wakati umesonga, na elimu hiyo imebaki nyuma.

Hiyo ndiyo sababu kuu inayofanya mafunzo ya wahudumu wa afya kuhusu kuzuia HIV kuwa kazi isiyokwisha katika kaunti za Kisii na Nyamira, ambazo kwa jumla zilikuwa na wakazi zaidi ya milioni 1.8 katika sensa ya mwaka wa 2019. Wengi wao hawamfahamu daktari bingwa wala hawajawahi kumwona. Wanayemjua ni muuguzi au tabibu wa zahanati iliyo karibu na mashamba yao ya chai na ndizi. Neno la mhudumu huyo ndilo mwanzo, na mara nyingi ndilo mwisho, wa kinga yao.

Yaliyobadilika tangu 2003

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kinga ya mtoto ilitegemea sana dawa ya nevirapine. Utafiti uliofanywa nchini Uganda na kutolewa mwaka wa 1999 ulionyesha kwamba tembe moja kwa mama aliye katika uchungu wa kuzaa, pamoja na kipimo kidogo cha dawa hiyo kwa mtoto, ilipunguza maambukizi kwa karibu nusu ikilinganishwa na dawa iliyokuwa ikitumiwa hapo awali. Kuhusu kunyonyesha, mama mwenye uwezo wa kununua maziwa mbadala na kuyatayarisha kwa maji safi alishauriwa asinyonyeshe kabisa. Asiye na uwezo alishauriwa anyonyeshe kwa miezi ya kwanza, kisha aachishe mapema iwezekanavyo.

Leo mambo ni tofauti kabisa. Mwaka wa 2013 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza kwamba kila mama mjamzito mwenye virusi aanzishiwe dawa za ARV. Mwaka wa 2015 lilipendekeza kwamba mtu yeyote atakayepatikana na virusi aanze matibabu bila kusubiri kinga yake ya mwili idhoofike, na Kenya ikaanza kuutekeleza utaratibu huo mwaka wa 2016. Mama anayemeza dawa zake barabara sasa anahimizwa amnyonyeshe mwanawe maziwa yake pekee kwa miezi sita ya kwanza, kisha aendelee kumnyonyesha huku akimpa vyakula vingine.

Kwa hivyo, muuguzi anayeendelea kumwambia mama aachishe mapema anamnyima mtoto lishe na kinga dhidi ya kuhara na nimonia, magonjwa ambayo huua watoto wachanga kwa haraka. Naye anayesahau kumpa mtoto dawa za kumkinga, au kumpeleka apimwe afikapo wiki sita, huenda akaruhusu maambukizi ambayo yangezuilika.

Tofauti kati ya huduma bora na kutokuwepo kwa huduma ni kubwa mno. Bila kinga yoyote, kati ya watoto 100 wanaozaliwa na kunyonyeshwa na akina mama wenye virusi, watakaoambukizwa ni kati ya 15 na 45. Huduma kamili ikitolewa, idadi hiyo hushuka hadi chini ya watano.

Aidha, kuna kosa moja ambalo ni rahisi kulifanya. Mama akipimwa katika ziara yake ya kwanza ya kliniki na kupatikana hana virusi, mhudumu asiye na mafunzo mapya hulifunga faili. Ilhali mama huyo anaweza kuambukizwa akiwa mjamzito au akinyonyesha, na mtu aliyeambukizwa karibuni huwa na virusi vingi mno mwilini. Ndiyo maana kipimo hurudiwa katika miezi ya mwisho ya ujauzito, na tena katika kipindi cha kunyonyesha.

Ujirani na mazoea

Kisii na Nyamira zinapakana na kaunti ya Homa Bay, na Kisii inapakana pia na Migori. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2018 ulipata kwamba asilimia 4.9 ya Wakenya wa umri wa miaka 15 hadi 64 walikuwa wakiishi na virusi. Katika Homa Bay kiwango hicho kilikuwa asilimia 19.6 na katika Migori asilimia 13. Kiwango cha Kisii na Nyamira kilikuwa chini ya cha majirani hao wawili. Hata hivyo, watu hufanya biashara, husafiri na kuoana bila kujali mipaka ya kaunti. Mji wa Kisii ni njia panda ya barabara za kuelekea Kisumu, Migori na Kilgoris, nao mji wa Keroka umekaa juu ya mpaka wenyewe wa Kisii na Nyamira.

Hali hiyo huwaweka wahudumu katika mtihani wa namna mbili. Kwanza, mahali ambapo ugonjwa hauonekani kila siku, ni rahisi kudhani kwamba mgonjwa aliye mbele yako hahusiki. Pili, vipimo vyenyewe hudai uangalifu zaidi.

Mfano wa hesabu unaweza kulieleza jambo hili. Chukua watu 1,000 ambao kumi kati yao wana virusi. Tuseme kipimo kinachotumiwa kinawatambua wote kumi, lakini hukosea kwa mtu mmoja katika kila 100 wasio na virusi. Watu kama kumi wazima wataonekana kuwa na virusi. Kwa hivyo, kati ya majibu 20 ya kuwepo kwa virusi, nusu yatakuwa ya uongo. Kadiri maambukizi yanavyopungua katika jamii, ndivyo sehemu ya majibu ya uongo inavyoongezeka. Kwa sababu hiyo, mwaka wa 2019 WHO ilipendekeza kwamba mtu asiambiwe ana virusi mpaka vipimo vitatu tofauti, kimoja baada ya kingine, vithibitishe hivyo.

Mhudumu anayesoma jibu kabla ya dakika zilizowekwa kutimia, au baada ya kupitwa na muda, anaweza kuvunja ndoa kwa kosa la saa. Vilevile anaweza kumruhusu mtu mwenye virusi aende nyumbani akiamini kuwa yu mzima.

Tohara si ngao kamili

Miongoni mwa Abagusii, tohara ya wavulana ni desturi ya tangu jadi, na hufanywa hasa shule zinapofungwa mwishoni mwa mwaka. Utafiti uliofanywa Kisumu, Rakai nchini Uganda na Orange Farm nchini Afrika Kusini ulionyesha kwamba tohara hupunguza kwa karibu asilimia 60 uwezekano wa mwanamume kuambukizwa na mwanamke. Kutokana na matokeo hayo, WHO iliidhinisha tohara kuwa mojawapo ya njia za kinga mwaka wa 2007. Kenya ilianzisha mpango wake wa kitaifa mwaka wa 2008, na macho yakaelekezwa zaidi kwa jamii zisizotahiri.

Kwa jamii inayotahiri, kazi ya mhudumu ni nyingine. Anapaswa kuhakikisha kwamba kila kijana anatahiriwa kwa kifaa chake safi, kwani wembe mmoja ukipita kwa vijana kadhaa unaweza kuhamisha virusi badala ya kuvizuia. Pia anapaswa kumweleza kijana ukweli usiopendeza: kupunguza hatari si kuiondoa, na tohara haimkingi mwanamke ambaye mumewe ana virusi. Kijana anayeamini kwamba tohara imemmalizia kazi ataiona mipira ya kondomu kuwa haina maana.

Dawa mpya, mazungumzo mapya

Mwaka wa 2017 Kenya ilianza kusambaza PrEP nchini kote. Hii ni dawa ambayo mtu asiye na virusi huimeza kila siku ili asiambukizwe. Mwezi Julai 2025 WHO iliidhinisha sindano ya lenacapavir, ambayo hudungwa mara mbili tu kwa mwaka. Kila kinga mpya huja na masharti yake. Mtu sharti apimwe kwanza, kwa kuwa akipewa PrEP ilhali tayari ana virusi, dozi hiyo haitoshi kumtibu na virusi vinaweza kuzoea dawa.

Lakini ugumu mkubwa zaidi u katika ulimi wa mhudumu. Msichana wa miaka 19 anayeingia zahanati kuulizia PrEP, kisha akaulizwa mbele ya watu kama wazazi wake wanajua yuko wapi, hatarudi. Wala hatawaambia wenzake waje. Kwa hiyo mafunzo hayana budi kuhusisha jinsi ya kuuliza, jinsi ya kusikiliza na jinsi ya kunyamaza.

Kunyamaza huko si adabu tu, ni sheria. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti HIV na Ukimwi ya mwaka wa 2006 inalinda siri ya aliyepimwa, inataka apewe nasaha, na iliunda jopo maalum la kusikiliza malalamiko ya waliokiukiwa haki zao. Katika kijiji ambako muuguzi na mgonjwa huenda wakasali kanisa moja na kuuza chai katika kituo kimoja, siri ikivuja mara moja zahanati nzima hupoteza imani ya watu.

Kuna pia habari njema ambayo wahudumu wengine bado wanasita kuitamka. Utafiti uliohusisha wapenzi katika mataifa tisa, Kenya ikiwemo, ulionyesha mwaka wa 2011 kwamba kuanza matibabu mapema kulipunguza maambukizi kwa mwenzi kwa asilimia 96. Tafiti zilizofuata zilithibitisha kwamba mtu anayetumia dawa hadi virusi vikawa haviwezi kuonekana kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ngono. Mgonjwa aliyeelezwa hivyo hupata sababu ya kumeza dawa yake leo na kesho.

Mhudumu naye ajikinge

Anayewakinga wengine naye yumo hatarini. Mhudumu akidungwa kwa bahati mbaya na sindano yenye damu ya mtu mwenye virusi, uwezekano wa kuambukizwa ni kama mara tatu katika kila ajali 1,000. Ni uwezekano mdogo, lakini kwa anayedunga na kushona kila siku si wa kupuuzwa. Homa ya ini aina ya B huambukiza kwa urahisi zaidi kupitia ajali kama hiyo, na chanjo yake ipo.

Hatua zinazofundishwa ni chache: usirudishe kifuniko kwenye sindano iliyotumika, itupe papo hapo kwenye kisanduku chake, na kisanduku kikijaa robo tatu kifungwe. Ajali ikitokea, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka bila kukiminya, toa taarifa, na uanze dawa za PEP haraka, kabla ya saa 72 kupita. Dawa hizo humezwa kwa siku 28. Utaratibu uo huo wa dawa ndio humwokoa aliyebakwa. Kwa hivyo mhudumu asiyeujua hujihatarisha mwenyewe na kumwangusha anayekuja kwake akiwa katika dhiki kubwa.

Nani atalipia somo hili?

Kwa miaka mingi, mafunzo haya yalilipiwa na wahisani. Katika iliyokuwa mkoa wa Nyanza, mradi wa APHIA II uliofadhiliwa na Marekani uliendeshwa na shirika la EngenderHealth, kisha shirika la PATH likaongoza mradi uliofuata. Wahudumu waliitwa hotelini, wakafunzwa kwa siku kadhaa na kurejea kazini.

Mtindo huo ulikuwa na kasoro mbili. Aliyefunzwa alipohamishwa, maarifa yaliondoka naye. Pili, mafunzo yalitegemea mkoba wa mwingine. Kasoro hii ilidhihirika mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya kigeni, na Julai 1 mwaka huo shirika la USAID likafungwa. Desemba 4, 2025 Kenya na Marekani zilitia saini mkataba wa miaka mitano ambapo Marekani iliahidi dola bilioni 1.6, huku Kenya ikiahidi kuongeza matumizi yake ya afya kwa dola milioni 850. Mwelekeo ni bayana: mzigo unahamia nyumbani.

Chini ya Katiba ya 2010, vituo vya afya na wafanyakazi wake ni jukumu la kaunti. Vifaa vya kufundishia havikosekani. Upo mwongozo wa kitaifa wa kuzuia na kutibu HIV, ambao toleo lake la 2022 lilifuata yale ya 2016 na 2018. Pana Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, Hospitali ya Rufaa ya Nyamira, na Chuo cha Mafunzo ya Matibabu (KMTC) kilicho na bewa mjini Kisii. Tangu Septemba 2023 pia kuna wahamasishaji wa afya ya jamii, zaidi ya 100,000 kote nchini, ambao huingia katika kila boma.

Njia ya gharama nafuu ni kumpeleka mwalimu kazini badala ya kumtoa mhudumu kazini: muuguzi mzoefu kutoka hospitali kubwa anaizuru zahanati, anakaa na wenzake katika chumba cha vipimo, anatazama wanavyosoma majibu, anapitia faili za watoto, na kurudi tena baada ya miezi mitatu. Hakuna hoteli wala marupurupu makubwa, na mafunzo hubaki katika kituo hata mtu mmoja akihamishwa.

Wahenga walisema elimu ni bahari. Kwa mhudumu wa Marani au Ekerenyo, bahari hiyo imebadilisha kina chake mara kadhaa tangu 2003, na itabadilika tena. Bajeti za kaunti zisipotenga fedha za mafunzo haya kila mwaka, gharama yake italipwa na mtoto ambaye hajui kusema, na mama aliyefuata kila alichoambiwa.