Je, Wajua? Mwanahistoria Aliyelipwa na Dola

Je, wajua kuwa Dola ya Osmani ilikuwa na mtu aliyelipwa kuiandikia historia yake? Cheo hicho kiliitwa vakanüvis, na wa kwanza kuhesabiwa kukishika ni Mustafa Naima. Alizaliwa Aleppo, Syria, mwaka 1655, akaenda Istanbul akiwa kijana na kuingia katika utumishi wa kasri.

Kitabu chake, Tarih-i Naima, kinasimulia miaka sabini, kuanzia mwaka 1000 wa Hijria hadi 1070, sawa na 1591 hadi 1660. Masimulizi yanapoishia, mwandishi mwenyewe alikuwa mtoto wa miaka mitano tu! Alikabidhiwa rasimu za mwandishi aliyemtangulia, Şarihülmenarzade, akazilinganisha na maandishi ya wengine, akiwemo Katip Çelebi. Katika dibaji aliwawekea wanahistoria masharti: waseme kweli, wasibebe uvumi, wasipendelee upande, na waandike lugha inayoeleweka. Masharti hayo hayajachakaa hata leo.

Lakini sehemu inayostahili kusomwa kwa makini zaidi ni jinsi alivyokifungua kitabu. Mwaka 1699, kwa Mkataba wa Karlowitz, dola iliiachia Austria sehemu kubwa ya Hungaria, na wengi waliona ni fedheha. Waziri mkuu aliyeusimamia mkataba huo, Amcazade Hüseyin Pasha, ndiye aliyekuwa mfadhili wa Naima. Basi Naima akaanza na Mkataba wa Hudaybiya, mwaka wa 6 Hijria, pale Mtume (S.A.W.) alipokubaliana na Makuraishi kwa masharti yaliyowauma baadhi ya masahaba, na haikupita miaka miwili Makka ikafunguliwa. Akaongeza fikra za mwanahistoria Ibn Khaldun kwamba dola ina rika zake kama mwanadamu: ikichoka, huhitaji kupumzishwa vita ili ijitibu. Naam, alikuwa akimtetea aliyemlisha, lakini aliitetea amani kwa hoja nzito, na hilo lilihitaji ujasiri.

Naima alifariki mwaka 1716 huko Patras, Ugiriki. Mwaka 1734 mchapaji Ibrahim Müteferrika alikipiga chapa kitabu cha Naima mjini Istanbul, kikawa miongoni mwa vitabu vichache vilivyotoka katika mtambo wake, wa kwanza wa kuchapa vitabu vya Kituruki. Cheo nacho kiliendelea kurithiwa hadi kwa Abdurrahman Şeref, aliyeteuliwa 1909 na kuwa wa mwisho, kwani usultani ulifutwa mwaka 1922.