Mahali Pema pa Kazi Huvuta Watu

Wahenga walinena: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Neno hili lawahusu waajiri pia, maana mtu atafutaye kazi haulizi mshahara peke yake. Huuliza atalala wapi, atapata maji gani, na kama atarudi kwao salama.

Jambo hili limeonekana wazi katika Kaskazini Mashariki ya Kenya. Walimu wengi wa huko walitoka sehemu nyingine za nchi, wakilipwa posho ya mazingira magumu juu ya mshahara. Lakini tarehe 22 Novemba, 2014, watu 28 waliuawa katika basi lililotoka Mandera, na walimu walikuwamo. Tarehe 2 Aprili, 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Walimu wengi wakakataa kurudi kazini, na posho haikuwavuta. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, Garissa. Tume ya Kuwaajiri Walimu ikawahamisha wengine wengi, na watoto wakabaki bila wa kuwafundisha.

Basi yampasa mwajiri kutengeneza kwanza mahali pa kazi: ulinzi, nyumba imara na maji safi. Wenyeji nao wana sehemu yao, kwani mgeni akikaribishwa vema huwaambia wenzake. Tena vijana wa huko wahimizwe kusomea ualimu, maana chuo cha walimu kipo Garissa kwenyewe. Fedha humleta mtu mlangoni; mahali pema humkalisha.