Baada ya Matanga: Waliofikwa na Maafa ya Madereva Walevi

Wako wasomaji watakaouliza kwa nini gazeti la nyumba za Kiislamu lizungumze juu ya ulevi wa madereva. Watasema: sisi hatunywi, na uharamu wa ulevi tumeusoma tangu chuoni katika Sura ya Al-Maida, basi maneno haya na wapelekewe wanywaji wenyewe. Jawabu letu ni jepesi. Gari inayoendeshwa na mlevi haimwulizi mtu dini yake kabla ya kumgonga. Mtoto aendaye chuoni na juzuu yake kifuani, mzee arudiye kutoka sala ya Isha, mama asimamaye kando ya njia akingoja basi, wote hawa hawakuonja hata tone, na khatari ya tone la mwenziwao inawafikia hapo hapo walipo.

Tutatoa khabari ya mbali kwanza, kwani ina mafunzo. Tarehe 3 Mei 1980, katika mji wa Fair Oaks, jimbo la California huko Marekani, mtoto wa kike wa miaka 13, jina lake Cari Lightner, alikuwa akitembea kwa miguu kando ya njia. Gari ikamjia kwa nyuma ikamwua, na dereva akaenda zake wala hakusimama. Alipokamatwa ilidhihirika kuwa alikwisha kutiwa hatiani zamani kwa kuendesha gari hali amelewa, na kwamba siku mbili tu kabla ya msiba huo alikuwa ametolewa kwa dhamana kwa kosa jingine la kugonga na kukimbia. Mama wa mtoto, Candace Lightner, akaambiwa na polisi asitaraji sana kumwona mtu huyo gerezani. Hatimaye alihukumiwa miaka 2.

Mwaka huo huo wa 1980 mama huyo akaunda chama cha akina mama wapingao madereva walevi, kijulikanacho hata leo kwa herufi zake, MADD. Akaungana naye Cindi Lamb wa Maryland, ambaye mtoto wake mchanga wa miezi 5 alipooza viungo mwaka 1979, gari yao ilipogongwa na mlevi. Hawakuwa mawakili wala watu wa serikali. Walakini sauti yao ilifika mbali: mwaka 1984 nchi ile ilitunga sheria ya kuyanyima sehemu ya fedha za barabara majimbo yatakayowaruhusu walio chini ya miaka 21 kununua ulevi, na kufika mwaka 1988 majimbo yote yalikuwa yameitii. Mwaka 1982 waliokufa kule katika maafa yenye ulevi walizidi 20,000. Siku hizi hesabu ya mwaka imeshuka sana, lakini ingali ni zaidi ya 10,000. Tusiwape akina mama sifa yote. Mikanda ya viti na magari bora nayo yalifanya kazi yake.

Jambo moja la chama hicho limetushughulisha zaidi ya sheria zao, nalo ni neno. Wao hawapendi tukio la namna hii liitwe ajali. Wasema aliyekunywa kisha akashika usukani alichagua, na lililochaguliwa halisemwi kuwa limezuka tu. Sasa tazama neno letu sisi. Ajali kwa Kiswahili imetoka katika Kiarabu, ajal, yaani muda aliowekewa mtu. Kwa hivyo mtu wetu akisikia ajali husema mara moja: siku yake ilikuwa imefika, na mazungumzo hukoma hapo.

Ni kweli, na ni itikadi yetu, kuwa muda wa kila nafsi umeandikwa. Lakini ni nani aliyemruhusu dereva kujificha nyuma ya kadari? Na aisome Sura ya An-Nisaa, aya ya 92. Hapo Mwenyezi Mungu anamzungumzia aliyeua kwa kukosea, asiyekusudia kabisa, na wala hakumwambia aende zake kwa kuwa muda wa marehemu umekwisha. Amewajibishiwa diya wapewe jamaa wa maiti, ila wao wenyewe wakisamehe. Na amewajibishiwa kafara, na asiyeweza kuacha huru mtumwa Muumini afunge miezi miwili mfululizo. Ikiwa haya ni ya mwenye kukosea, sembuse aliyejilevya kwa mkono wake! Kusamehe ni fadhila ya waliofiwa, si haki ya aliyeua, wala si ya wazee wa mtaa wanaomharakisha mjane atie mkono kabla ya machozi kukauka.

Tuje katika kazi ya kujitolea yenyewe. Wale watu wa MADD, wengi wao ni waliofiwa au walioumia, hufunzwa kwanza kunyamaza na kusikiliza. Humwendea aliyepatwa na msiba bila ya malipo, wakamfahamisha mwendo wa kesi, wakafuatana naye mahakamani. Wengine huketi barazani wakaandika yanayopita, ili hakimu na mwendesha mashtaka wajue kuwa wanatazamwa. Na liko jambo la ajabu kidogo: mahakama huwaamrisha walevi waliotiwa hatiani wakae mbele ya waliofiwa, wasikilize, wala wasijibu. Hatudai kuwa kila anayesikia hutubia. Lakini huyo aliyefiwa amepata kusema.

Na sisi je? Mtume, rehema na amani zimshukie, alipofikiwa na khabari ya kuuawa Jaafar bin Abi Talib kule Muta, aliamrisha watu wa nyumba ya Jaafar wapikiwe chakula. Sunna hiyo twaishika vyema, alhamdulillahi. Siku tatu za matanga nyumba hujaa watu na vyombo. Siku ya nne ndipo mjane hubaki na mkeka wake. Ndiyo siku ambayo kesi haijaanza, hospitali yataka fedha ya majeruhi, na mtu asiyejulikana hubisha hodi na bahasha akitaka sahihi kwenye karatasi.

Ama kuzuia, vijana wetu wanaweza mengi. Na wajue kwanza kuwa ulevi hutolewa mwilini na ini, polepole, na kahawa chungu au maji baridi hayauharakishi. Aliyekunywa mpaka usiku wa manane huenda angali amelewa anapotoa basi la alfajiri, ijapokuwa asimama wima na salamu aitikia. Tena tusiseme ulevi ni pombe peke yake. Miraa humfukuzia mtu usingizi, haimpi mapumziko. Wanaopanga safari za maulidi na ziara huulizia sana bei ya gari na wingi wa viti; na wamwulize dereva alilala saa ngapi. Huko Kenya, mwezi wa Desemba 2013 polisi walileta vipimo vya pumzi barabarani, na wako waliopelekeana khabari za mahali askari walipo ili wenzao wapite njia nyingine. Huko ni kusaidiana katika dhambi, hata kama mpeleka khabari mwenyewe hajapata kunusa pombe.

Kwa hivyo kila msikiti na uchague watu wawili au watatu, na mmoja awe mwanamke, kwani mjane aliye eda hatazungumza na kila mtu. Siku ya nne na waende. Wahakikishe namba ya gari imeandikwa polisi, na majina ya mashahidi kabla hawajatawanyika. Majeruhi wa Tanzania apate fomu ya PF3, na wa Kenya P3, kwani bila ya karatasi hiyo kesi yake hulegea. Waulize bima ya gari, maana katika nchi zote mbili kila gari yalazimishwa na sheria kuwa na bima kwa ajili ya watu wengine, na wafiwa wengi hawajui kuwa wana haki hapo. Mjane asitie sahihi karatasi asiyosomewa. Siku ya kesi mmoja wao na afuatane naye mahakamani. Kesi ikiahirishwa, na arudi siku iliyopangwa, na ikiahirishwa tena, vivyo hivyo.