Kilichozishika Kokoto: Konglomerati Katika Bwawa la Bustani

Jiwe la konglomerati humvuta mtu kwa kokoto zake, nyekundu, nyeupe na kahawia, zilizotapakaa ndani ya mwamba mmoja kama lozi ndani ya halua. Anayelitaka kwa ajili ya bwawa la bustani afadhali aanze kwa kuchunguza kile kilichozishika kokoto hizo.

Mwamba huu huzaliwa mtoni au ufukweni. Maji yenye nguvu husukuma mawe na kuyagonganisha mpaka pembe zake zikalika. Kasi ikipungua, mawe hutua, mchanga hujaza nafasi zilizobaki, kisha maji ya ardhini yanayopenya humo kwa muda mrefu huacha madini yanayogandisha vyote pamoja. Kokoto zenye kipenyo kinachozidi milimita 2 zikiwa za mviringo, hiyo ni konglomerati. Zikiwa na pembe kali, basi hazikusafiri mbali, na mwamba huo huitwa breksia. Gundi yenyewe huweza kuwa silika, chokaa, kutu ya chuma au udongo wa mfinyanzi, na ndiyo inayoamua jiwe litaishije ndani ya maji.

Mfano wa gundi bora uko Ontario, Kanada, karibu na mji wa Bruce Mines. Konglomerati ya huko ina umri wa takriban miaka bilioni 2.3. Kokoto zake nyekundu ni yaspi, jiwe linalotajwa katika kitabu cha Ufunuo, nazo zimekaa ndani ya mchanga mweupe uliogeuka kwatzi tupu. Enzi ya barafu ilimega vipande vya mwamba huo na kuvisukuma kusini, ndiyo maana wakusanyaji huvipata hadi Kisiwa cha Drummond, upande wa Michigan, Marekani. Ukilipasua jiwe hili kwa nyundo, ufa hukata kokoto katikati badala ya kuzizunguka, kwa sababu gundi ina ugumu sawa na kokoto zenyewe. Hertfordshire, Uingereza, kuna konglomerati ya gumegume yenye tabia hiyohiyo, na watu wa kale waliichonga mawe ya kusagia nafaka. Mawe ya namna hii hukaa majini miaka na miaka bila kubadilika.

Si kila konglomerati ina bahati hiyo. Ukikwaruza gundi kwa ncha ya kisu na kupata unga, udondoshee siki. Ukitoa mapovu, ni chokaa. Chokaa huongeza ualkali wa maji polepole, yaani pH hupanda, lakini perege huvumilia hali hiyo vizuri, na sioni sababu ya kulikataa jiwe kwa hilo peke yake. Angalizo ni moja: pH ikipanda, amonia itokayo kwenye kinyesi cha samaki huwa sumu kali zaidi, kwa hiyo usijaze samaki kupita kiasi. Udongo wa mfinyanzi ni balaa kubwa kuliko chokaa. Loweka kipande ndani ya ndoo kwa wiki kadhaa. Maji yakichafuka na kokoto zikaanza kung'oka, jiwe hilo lipambe njia ya bustani, si bwawa.

La kukataa moja kwa moja ni jiwe lenye pairaiti, madini yenye mng'ao wa manjano unaowadanganya watu kudhani wameokota dhahabu. Konglomerati maarufu kuliko zote duniani, ile ya Witwatersrand iliyoleta mji wa Johannesburg baada ya dhahabu kugunduliwa mwaka 1886, imejaa pairaiti. Madini hayo yakikutana na hewa na maji hutoa asidi ya salfa na maji ya rangi ya kutu. Mwaka 2002 maji ya aina hiyo yalianza kufurika kutoka migodi iliyoachwa magharibi mwa Johannesburg. Bwawani kwako kiasi kitakuwa kidogo sana, lakini hata samaki wako ni wachache.

Kisha kuna uzito, ambao watu huudharau mpaka jiwe lifike getini. Jabali la mviringo lenye kipenyo cha sentimita 60 lina takriban kilo 300. Ndani ya bwawa, jabali hilohilo linachukua nafasi ya lita 113 za maji, kwa hiyo majabali matano katika bwawa la lita 2,000 yamekwisha kupunguza zaidi ya robo ya maji. Anayehesabu samaki au dawa kwa kutumia vipimo vya shimo tupu atazidisha.

Chini ya turubai linalozuia maji ya bwawa yasivuje, mahali jabali litakapokaa, mwaga zege tambarare. Juu ya turubai tandika blanketi zito ndipo uliteremshe jiwe. Theluthi moja yake ifukiwe kwa changarawe, lisije likaonekana kama limedondoshwa na lori. Sakuteiki, kitabu cha bustani kilichoandikwa Japani karne ya 11, kinaonya kwamba jiwe lililokuwa limelala lisisimamishwe. Kwao ilikuwa ni kuepuka mkosi, lakini kwa konglomerati onyo hilo lina maana pia: tabaka zikisimamishwa wima, maji hupenya kati yake na jiwe hubanduka mapema. Mianya kati ya majabali iachwe wazi samaki wapite, la sivyo utakuwa unafuga mbu.

Kuhusu kuyapata, usiende mtoni na toroli. Kwenye ardhi ya jimbo la Michigan mtu haruhusiwi kuchukua zaidi ya ratili 25 za mawe kwa mwaka, karibu kilo 11. Tanzania nayo, kupitia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto dhidi ya shughuli zinazoweza kudhuru uhifadhi wake. Nunua kwa mwenye machimbo aliye na leseni, na umwombe akuruhusu kulijaribu jiwe kwa siki kabla hujalipa.